Ukurasa Usio na Vitenzi: Uhakiki wa Muhtasari wa Somo katika Shule ya Msingi

Miongoni mwa maandishi yote yanayopita mikononi mwa mtoto wa shule ya msingi, muhtasari wa somo ndio unaohakikiwa kwa nadra zaidi. Vitabu vya kusoma huchunguzwa, hadithi hufanyiwa tahakiki, mitaala hujadiliwa mikutanoni. Lakini ile karatasi moja, au ule ubao mmoja wa chaki unaokusanya somo zima katika mistari michache, hupita bila kuulizwa ni utungo wa namna gani. Makala haya yanauchukua muhtasari huo kama utungo, na kuuliza maswali ambayo mhakiki huuliza kuhusu utungo wowote: nani anasema, anasema nini, ananyamazia nini, na sarufi inamsaidiaje kunyamaza. Mifano mikuu ni miwili, mmoja wa Uingereza na mmoja wa Kongo. Mifano hiyo haikuteuliwa kwa kulingana. Nchi hizo mbili hazilingani. Iliteuliwa kwa sababu ukurasa ule ule hubadilika dhima kufuatana na vitabu vinavyouzunguka, au visivyouzunguka.

Ukurasa ulikozaliwa

Karatasi ya muhtasari kwa sura inayojulikana leo ina asili ya Uingereza. Mwaka 2015 Joe Kirby, aliyekuwa mwalimu katika Michaela, shule ya sekondari iliyofunguliwa jijini London mwaka 2014, alieleza kwa maandishi chombo ambacho jina lake la Kiingereza lingeweza kufasiriwa kama “kipangamaarifa”. Ni ukurasa mmoja tu unaobeba kila jambo ambalo mwanafunzi hana budi kulijua kwa moyo kuhusu mada fulani: tarehe upande mmoja, majina ya watu upande mwingine, istilahi na maana zake katikati. Mwanafunzi huupeleka nyumbani, hujifunza sehemu yake jioni, na kesho yake huulizwa.

Hoja za watetezi wa chombo hicho si za kupuuzwa. Mwalimu anayelazimika kuandika ukurasa mmoja analazimika kwanza kuamua lipi ni la lazima na lipi ni la ziada, na uamuzi huo wengi huukwepa. Pili, mtoto ambaye kwao hakuna vitabu hupata karatasi ile ile anayoipata mtoto wa profesa. Nyuma ya hoja hiyo ya pili yumo Mmarekani E. D. Hirsch, ambaye kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maarifa ya pamoja ya taifa kilifungwa na orodha ya majina, tarehe na misemo ipatayo 5000. Kwa Hirsch, orodha ilikuwa njia ya kumpa maskini ufunguo wa mazungumzo ya matajiri. Nia hiyo ni njema. Linaloulizwa hapa ni kama orodha inaweza kuwa ufunguo.

Chombo kilichokusudiwa vijana wa sekondari kiliteremka upesi hadi shule za msingi. Mtaala wa taifa ulioanza kutumika Septemba 2014 ulikuwa umekwisha kutaja matukio ambayo watoto wadogo wangeweza kufundishwa, na mfumo wa ukaguzi ulioanza Septemba 2019 ukawataka wakaguzi waangalie kwa makini jinsi shule ilivyopanga maarifa inayoyafundisha. Shule inayotaka kuonyesha mpango wake kwa mkaguzi itaona karatasi ya muhtasari ni kitu cha kuonyeshwa. Ndivyo karatasi zilivyoandaliwa tayari na kuuzwa kwa walimu, mada kwa mada.

Mada mojawapo inayopendwa ni Moto Mkubwa wa London wa mwaka 1666, ambao hufundishwa watoto wa miaka 6 au 7. Karatasi yake ya kawaida ina maneno muhimu (mwoka mikate, shahidi, shajara, mwanya wa kuzuia moto), ina tarehe (moto ulianza 2 Septemba na kudumu siku nne hivi), ina watu (Thomas Farriner, mwoka mikate wa Pudding Lane, Samuel Pepys, mwandishi wa shajara, Mfalme Charles wa Pili, Christopher Wren, msanifu wa kanisa jipya la Mtakatifu Paulo), ina hesabu (nyumba 13,200 na makanisa 87), tena ina sababu. Sababu hizo huandikwa hivi: nyumba za mbao, kiangazi kikavu, upepo.

Yote hayo ni kweli. Hakuna kosa la kusahihisha. Lakini kati ya sababu hizo tatu hakuna hata moja yenye mkono wa mtu. Katika habari ya moto ule, Meya Thomas Bludworth aliamshwa usiku, akauona moto, akaudharau akarudi nyumbani. Aliposhauriwa abomoe nyumba ili moto ukose njia, aliuliza nani atalipa gharama ya kuzijenga upya. Pepys ndiye aliyekwenda kwa mfalme, naye mfalme akaamuru nyumba zibomolewe. Hapo kuna hofu ya gharama, kuna kuchelewa, kuna mtu mdogo wa ofisini kuliko meya aliyeona haraka kuliko meya. Mtoto wa miaka 6 hashindwi kuelewa hayo. Kwa kweli huyaelewa kuliko anavyoelewa “kiangazi kikavu”. Hata hivyo hayo hayaingii katika orodha kwa urahisi, kwa kuwa hayana jina. Ni vitendo, na orodha hupokea majina.

Yupo pia Robert Hubert, fundi saa Mfaransa, ambaye kwa kawaida hakosi tu nafasi ya pili katika karatasi hizo bali hakosi kusahaulika kabisa. Alikiri kuutia mji moto, akanyongwa Oktoba 1666. Baadaye ilidhihirika kwamba aliwasili London siku mbili baada ya moto kuanza. Miongoni mwa waliotia sahihi mashtaka yake walikuwamo watu wa nyumba ya Farriner, yule yule mwoka mikate. Jina la Hubert lingeweza kuandikwa katika safu ya watu: “Robert Hubert: Mfaransa aliyenyongwa.” Lakini likiandikwa hivyo, mtoto atadhani ndiye aliyewasha moto. Ili asidhani hivyo, inabidi iandikwe sentensi yenye “ingawa”, au “kumbe”. Safu haina nafasi ya “kumbe”.

Ushahidi unaotumiwa kuitetea karatasi

Watetezi wa karatasi ya muhtasari hupenda kurejelea tafiti za kumbukumbu, na hasa ile ya Henry Roediger na Jeffrey Karpicke iliyochapishwa mwaka 2006. Utafiti huo ulionyesha jambo la maana. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Lakini baada ya wiki moja, waliokuwa wamejaribiwa badala ya kurudia kusoma ndio waliokumbuka zaidi. Kutokana na hilo husemwa kwamba mtoto aulizwe tarehe na majina ya karatasi yake mara kwa mara.

Huenda ikafaa aulizwe. Ila inapaswa kukumbukwa kwamba watu waliojaribiwa walikuwa wanafunzi wa chuo kikuu, na walichokisoma hakikuwa orodha. Kilikuwa nathari: kifungu kuhusu jua na kifungu kuhusu fisimaji wa baharini, chenye aya na sentensi zilizofungamana. Tena hawakuulizwa “lini?” na “nani?”. Walipewa karatasi tupu wakaambiwa waandike yote waliyoyakumbuka. Kwa maneno mengine, kilichothibitishwa ni faida ya kusimulia upya habari iliyosomwa. Kutoka hapo hadi kusema kwamba orodha ya majina ishirini ndiyo njia bora ya kumfundisha mtoto wa miaka 7 ni mruko, na mruko huo hufanywa mara nyingi bila aliyeruka kutazama chini. Tafiti hizo, zikisomwa kwa makini, zinamuunga mkono zaidi mwalimu anayefunga kitabu na kusema: haya, sasa simulieni.

Rezime ya ubaoni

Kongo haikungoja mwaka 2015 kuujua muhtasari wa ukurasa mmoja. Mwalimu wa shule ya msingi wa Lubumbashi, Kalemie, Bukavu au Kisangani huufahamu kwa jina la rezime. Baada ya maelezo, mwalimu huandika rezime ubaoni, watoto huinakili katika daftari, yaani kaye, na kuirudia nyumbani. Kwa desturi madarasa ya mwanzo hufundishwa kwa lugha ya taifa na yale ya juu kwa Kifaransa, kwa hiyo rezime nyingi za historia ambazo watu wazima wanazikumbuka ni za Kifaransa. Lakini sheria ya elimu ya tarehe 11 Februari 2014 imezipa lugha za taifa, Kiswahili kikiwamo, nafasi ya kufundishia na ya kufundishwa. Kadiri nafasi hiyo itakavyojazwa, ndivyo rezime za Kiswahili zitakavyohitajika, na watakaoziandika ni wanafunzi wanaosoma ualimu na isimu leo hii. Kwa sababu hiyo swali la sarufi yake si la anasa.

Tofauti na Uingereza ni hii: kule, karatasi huishi kati ya vitabu. Ina maktaba ya darasa nyuma yake, ina vitabu vya picha kuhusu moto ule ule, ina mwalimu mwenye watoto 30 hivi. Karatasi ikinyamaza, kitabu kitasema. Hapa kwetu, katika darasa lisilo na kitabu cha mwanafunzi, rezime mara nyingi ndiyo maandishi pekee ambayo mtoto huenda nayo nyumbani. Basi kile kinachoachwa na rezime hakijaachwa kwa muda. Kimeachwa moja kwa moja. Ndiyo maana kumlaumu mwalimu ni kukosea mlango. Tangu elimu ya msingi ilipotangazwa kuwa bila malipo mwaka 2019, madarasa mengi yamefurika, na mtu mwenye chaki moja mbele ya watoto waliobanana matatu matatu kwenye benchi hawezi kuandika sura nzima ubaoni. Mfupi ndio uwezekano wake. Linalohojiwa ni ufupi wa namna gani.

Ichukuliwe rezime ya kubuni ya darasa la tano au la sita kuhusu uhuru wa Kongo, iliyoandikwa kwa mtindo wa karatasi ya muhtasari:

30.6.1960: Uhuru wa Kongo.
5.7.1960: Maasi ya askari.
11.7.1960: Kujitenga kwa Katanga.
17.1.1961: Kifo cha Lumumba.

Tarehe zote ni sahihi. Mstari ni mfupi, unanakilika kwa dakika mbili, unafaa kwa mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi wenye maswali ya kuchagua jibu. Lakini msomaji wa Kiswahili azitazame nomino hizo nne. “Maasi ya askari”: dhidi ya nani? Waliasi maofisa wa Kibelgiji waliobaki wakiwaamuru baada ya uhuru kana kwamba uhuru haujatangazwa. “Kujitenga kwa Katanga”: je, ni Katanga iliyojitenga, ni watu waliotangaza kwamba imejitenga, au ni nchi iliyotengwa na wengine wenye manufaa yao? Kiswahili kina vitenzi vitatu tofauti kwa mambo hayo matatu, ilitenga, ilijitenga, ilitengwa, na mwandishi wa sentensi hulazimika kuteua mmoja na kuujibia. Mwandishi wa orodha halazimiki: kiambishi ku- kinamfunika. “Kujitenga” hakina wakati, na mtendaji wake ni jina la jimbo, si la mtu.

Mstari wa nne ndio mzito kuliko yote. Mzee hufa, mgonjwa hufa, na Lumumba, kwa mujibu wa mstari huo, alikufa. Tarehe 13 Februari 1961 serikali ya Katanga ilitangaza, kwa kinywa cha Godefroid Munongo, kwamba Lumumba na wenzake walitoroka, wakauawa na wanakijiji. Tangazo hilo lilikuwa la uongo. Walipigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, karibu na Élisabethville, mbele ya wakubwa wa Katanga, na ofisa wa Kibelgiji ndiye aliyewaamuru wapiga risasi. Tume ya Bunge la Ubelgiji mwaka 2001 ilikiri kwamba baadhi ya mawaziri wa Kibelgiji walikuwa na wajibu wa kimaadili katika mauaji hayo. Sasa maneno “Kifo cha Lumumba” yanakubaliana na ukweli huo. Lakini yanakubaliana vilevile na tangazo la Munongo. Yeye mwenyewe angeweza kuyaandika ubaoni bila mkono wake kutetemeka. Ikiandikwa “aliuawa”, kiambishi cha kutendwa kinaacha mlango wazi: mtoto atauliza, na nani? Ikiandikwa “walimwua”, swali ni zito zaidi: wao ni nani? Haki ielezwe hapa kwamba nomino nayo ina daraja zake, kwani “kuuawa kwa Lumumba” ni afadhali kuliko “kifo”. Hata hivyo ni kitenzi kilichotiwa ndani ya nomino ndicho kinacholeta nafuu hiyo.

Ipo sababu nyingine ya kukimbilia nomino, ambayo haisemwi kwa sauti. Umbali kati ya Kiswahili sanifu na Kiswahili cha nyumbani cha mtoto wa Lubumbashi hauonekani sana katika majina; uhuru ni uhuru, askari ni askari. Huonekana katika upatanisho wa sentensi. Mtoto husema “balimuua” pale kitabu kinapotaka “walimwua”, na mwalimu mwenyewe, aliyesoma kwa Kifaransa, pengine hana hakika ya viambishi vyote mbele ya mkaguzi. Orodha ya nomino humkinga na aibu. Nafasi za kukosea ngeli ni chache pale ambapo hakuna kitenzi. Kinga hiyo inaeleweka, lakini bei yake hulipwa na mtoto, anayemaliza darasa la sita akiwa ameandika Kiswahili sanifu daftari zima bila kuona sentensi ya Kiswahili ikimweleza nani alimfanyia nini nani.

Msamiati wa Yav, picha za Tshibumba

Inashangaza kwamba jimbo lile lile lililotoa mfano huo lina kazi mbili za Kiswahili zinazoonyesha njia nyingine, na kazi zote mbili hufundishwa zaidi ng'ambo kuliko shuleni kwetu.

Ya kwanza ni historia ya mji wa Élisabethville iliyopigwa chapa mwaka 1965 na André Yav, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani, na ambayo Johannes Fabian aliihariri na kuichapisha mwaka 1990. Jina lake la Kifaransa huiita “msamiati”. Anayeifungua akitarajia orodha ya maneno hukuta masimulizi: watu wanakuja, wanaajiriwa, wanapigwa, wanatumwa vitani, wanakumbuka. Yav hakuwa na shule kubwa ya uandishi, na Kiswahili chake si sanifu. Lakini anajua nani alitenda, na anamtaja. Aliyewahi kubeba chai ya bwana mkubwa hawezi kuandika “utumwa wa nyumbani: 1910 na kuendelea”.

Ya pili ni ya mchoraji Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mnamo 1973 na 1974 alichora picha 101 za historia ya nchi na kumsimulia Fabian kila moja kwa Kiswahili cha Shaba. Picha na masimulizi vikachapishwa pamoja mwaka 1996. Jambo la kuzingatiwa kwa mada hii ni mgawanyo wa kazi. Picha ya Tshibumba ni ukurasa mmoja, tena yenye maandishi machache sana. Kwa kipimo hicho ni muhtasari kamili. Lakini haikukusudiwa kusimama peke yake. Ilitundikwa sebuleni ili mtu aiulize, na mwenye nyumba asimulie. Ufupi wake ulikuwa mwaliko wa maneno. Karatasi ya Uingereza na rezime ya ubaoni zimejengwa kwa namna iliyo kinyume: ufupi wao ni jibu lililokwisha tolewa, na kinachobaki ni kulikariri.

Kwa hiyo ukurasa mmoja wenyewe hauna hatia. Mstari wa nne wa ile rezime unaweza kuandikwa hivi, na bado ukaenea ubaoni:

“Tarehe 17 Januari 1961 Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito waliletwa Katanga kwa ndege. Walipigwa, na usiku ule ule wakapigwa risasi karibu na Élisabethville. Wakubwa wa Katanga walikuwapo, na ofisa wa Kibelgiji aliwaamuru askari. Mwezi uliofuata serikali ya Katanga ilisema wanakijiji ndio waliowaua. Haikuwa kweli.”

Maneno hayo hayazidi 50, na mtoto wa darasa la tano anaweza kuyanakili. Yana majina na tarehe zilezile anazotaka mtahini. Yana pia “wakapigwa”, “walikuwapo”, “aliwaamuru”, “ilisema”. Yana kauli ya kutenda na ya kutendwa, na mwalimu wa Kiswahili anaweza kuyatumia saa ya sarufi baada ya mwalimu wa historia kuyatumia saa yake, jambo ambalo kwa kawaida ni la mtu mmoja yule yule. Itasemwa kwamba yanachukua nafasi ya mistari minne ya orodha. Ni kweli, na hapo ndipo pa kuamua: ubao wenye matukio manne yaliyosimuliwa, au wenye matukio ishirini yaliyotajwa. Mtaala uliojaa humsukuma mwalimu kwenye ishirini, na hakuna karatasi, hata iliyopangwa kwa ustadi gani, itakayomwondolea mzigo huo pasipo wenye mtaala kupunguza.

Yapo masomo ambamo orodha haina ubaya. Jedwali la kuzidisha ni orodha. Majina ya mito na vijito vyake, vipimo vya urefu na uzito, sehemu za ua, vyote hivyo hukaa vizuri katika safu, na mtoto aliyevijua kwa moyo anafaidika navyo maisha yake yote. Sayansi ya darasa la nne iko katikati: sehemu za mbu zinaorodheshwa, lakini jinsi mbu anavyochukua malaria kwa mgonjwa na kumpelekea mzima ni habari, ina mwanzo na mwisho, na rezime inayosema tu “Malaria: ugonjwa, msambazaji: mbu” imemwacha mtoto bila kujua ni kwa nini chandarua kitandikwe hata juu ya kitanda cha mtu ambaye tayari ni mgonjwa.

Katika mitihani ya majaribio ambayo mwalimu huitunga mwenyewe, mambo haya hupimika kwa urahisi. Badala ya “Lumumba alikufa lini?”, liulizwe: “Nani alisema kwamba wanakijiji walimwua Lumumba, na alikuwa na sababu gani ya kusema hivyo?” Nusu ya kwanza ya jibu imo katika ule ukurasa. Nusu ya pili haimo, na mtoto itambidi aiseme kwa sentensi yake mwenyewe, hata kama ataanza na “balisema”.